Jibu kwa msomaji: Polisi wa New York wako chini ya nani, na ripoti ya wizi huishia wapi?

Msomaji anauliza: "Kaka yangu anaishi Bronx, New York. Wezi walivunja mlango wa nyumba yake wakabeba kompyuta na saa. Askari wawili wa sare walikuja, wakaandika, wakaondoka. Wiki tatu baadaye akaambiwa faili limefungwa. Amfuate nani: mkuu wa kituo, meya au FBI? Na hawa polisi wa jiji wako chini ya nani hasa? Kwenye tamthilia naona meya anamkaripia mkuu wa polisi na mpelelezi anaamrisha kila mtu."

FBI aisahau. Kuvunja nyumba na kuiba ni kosa chini ya sheria za jimbo la New York, na FBI hushughulika na makosa ya sheria za shirikisho. Hata mauaji ya kawaida yanayotokea jijini si kazi yao. Meya naye hana mkono katika faili la mtu mmoja. Mtu wa kutafutwa ni mpelelezi aliyepewa faili katika kikosi cha upelelezi cha kituo kilichopokea ripoti. Na mpelelezi huyo, tofauti na watu wengi wanavyodhani, hapokei amri kutoka kwa mkuu wa kituo anachokaa.

Marekani haina jeshi moja la polisi la taifa. Ina vyombo vya polisi karibu 18,000, vya majiji, kaunti, majimbo, hata vyuo vikuu, na hakuna afisa mmoja anayeviamuru vyote. Idara ya Polisi ya New York, NYPD, ndiyo kubwa kuliko polisi wa jiji lolote nchini humo: zaidi ya askari 33,000 wa sare, maelfu ya watumishi raia, na bajeti inayozidi dola bilioni 5 kwa mwaka. Mishahara inalipwa na jiji na kamishna anateuliwa na meya. Lakini sheria za jinai wanazozisimamia hutungwa Albany, makao makuu ya jimbo. Jiji na jimbo wamegombania polisi hawa tangu karibu mwanzo, na ugomvi huo ndio ulioipa idara umbo lake.

Kabla ya 1845 New York ilikuwa na walinzi wa usiku na makonstebo waliolipwa ada kwa kila hati waliyoipeleka. Mwaka huo jiji likaanzisha polisi wa mshahara, mchana na usiku, chini ya George Matsell. Walivaa nyota ya shaba kifuani juu ya nguo zao za kawaida, kwani sare zilikuja 1853. Ubovu ulikuwa kwenye uteuzi: diwani wa kata ndiye aliyependekeza askari, na ajira ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Diwani akiangushwa kwenye uchaguzi, kazi ya askari wake nayo ikaota mbawa. Kwa hiyo askari alimtumikia diwani kwanza, mengine baadaye.

Mwaka 1857 Bunge la jimbo likampokonya Meya Fernando Wood polisi wake na kuunda kikosi kipya, Metropolitan, chini ya makamishna wa jimbo. Wood akagoma kuwavunja wa kwake. Kwa wiki kadhaa jiji likawa na polisi wa aina mbili, huyu akikamata mtu na yule akimwachia. Tarehe 16 Juni wakatwangana kwa virungu kwenye ngazi za ofisi ya meya, hadi wanajeshi wa jimbo wakaitwa kuwatenganisha. Mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwa faida ya Metropolitan mwezi uliofuata. Jiji lilirudishiwa polisi wake 1870 tu. Hadi leo katiba ya jiji inasema kamishna anateuliwa na meya kwa muda wa miaka 5, ila anaweza kuondolewa na meya au na gavana wa jimbo. Kifungu hicho cha gavana ni masalia ya ugomvi ule. Muda wa miaka 5 nao uko kwenye karatasi zaidi: meya mpya kwa kawaida huja na kamishna wake, au humbakiza wa zamani kwa hiari yake mwenyewe.

Sura ya pili ni ya fedha. Kamati ya Lexow ya 1894, iliyoundwa na Seneti ya jimbo, ilipata ushahidi kwamba vyeo viliuzwa. Kapteni mmoja alikiri kwamba kupata cheo kulimgharimu dola 15,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Zilirudije? Madanguro na nyumba za kamari za eneo lake zililipa kila mwezi. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa nchi baadaye, aliongoza bodi ya makamishna wanne kuanzia 1895 hadi 1897 na kusisitiza mitihani ya kuajiri na kupandisha cheo. Bodi yenyewe ilikwama: watu wanne kutoka vyama viwili hawakosi kufungana kura. Mwaka 1901 bodi ikafutwa, akawekwa kamishna mmoja.

Huyo kamishna ni raia, hata akiwa amewahi kuvaa sare. Chini yake kuna manaibu raia, na kando yao Mkuu wa Idara, ambaye ndiye mwenye cheo cha juu kabisa cha sare. Ngazi huanza kwa askari wa kawaida, kisha sajini, luteni na kapteni. Hadi hapo mtu hupanda kwa mtihani wa utumishi wa umma, na matokeo hupangwa kwa alama. Juu ya kapteni hakuna mtihani. Naibu inspekta, inspekta na madaraja ya wakuu hutolewa kwa hiari ya kamishna, na yanaweza kuondolewa kwa hiari hiyo hiyo. Ndiyo maana mkuu wa kituo, ambaye mara nyingi ni kapteni au inspekta, huwa mwepesi sana kusikia makao makuu yanataka nini.

Mpelelezi hayumo kwenye ngazi hiyo. Upelelezi ni wadhifa. Askari akifanya kazi ya uchunguzi kwa miezi 18 anastahili kuvishwa beji ya dhahabu ya mpelelezi daraja la tatu, na kutoka hapo daraja la pili na la kwanza hutolewa kwa uteuzi. Mshahara unapanda, mamlaka juu ya wengine hayapandi: mpelelezi wa daraja la kwanza mwenye miaka 25 kazini bado anaamriwa na sajini kijana. Tamthilia hapo zinadanganya. Zinadanganya pia kuhusu mauaji. Mwenye kesi ni mpelelezi wa kituo ambako maiti imepatikana, na kikosi maalumu cha mauaji huja kumsaidia.

Ramani ya vituo nayo ina historia. Mwaka 1898 Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island ziliunganishwa kuwa jiji moja, na idara ndogo ndogo za polisi zikamezwa. Namba za vituo zinaruka: Manhattan ni 1 hadi 34, Bronx 40 hadi 52, Brooklyn 60 hadi 94, Queens 100 na kuendelea, Staten Island 120 na kuendelea. Namba nyingi katikati hazipo, kwa hiyo kituo cha 116 hakimaanishi kuna vituo 116. Vipo chini ya 80. Mbali na hivyo kuna vituo 12 vya treni za chini ya ardhi na vituo 9 vya nyumba za umma. Hao walikuwa vikosi viwili vinavyojitegemea, kila kimoja na mkuu wake, hadi 1995 walipounganishwa na NYPD. Kama kaka yako anakaa kwenye nyumba za umma, huenda waliokuja ni wa kikosi hicho, nao wana ofisi yao tofauti na ya kituo cha mtaa.

Sasa twende kwenye simu. Namba 911 ilianza kutumika New York Julai 1968. Anayepokea ni mtumishi raia wa idara ya polisi, hata kama unataka gari la wagonjwa au zimamoto, ambazo huunganishwa baadaye. Swali la kwanza ni uko wapi, na hapo ndipo dakika nyingi hupotelea. Barabara ya Broadway ipo Manhattan, ipo Brooklyn, ipo Queens. Queens penyewe kuna mtaa wa 60th Street, 60th Road, 60th Avenue, 60th Drive na 60th Lane, vyote jirani, na namba za nyumba zina kistari katikati. Simu ya mkononi hutoa makadirio tu ya mahali ulipo, na ghorofani haisemi uko ghorofa ya ngapi. Anayepiga ataje eneo (Bronx, Queens na kadhalika), namba ya nyumba, mtaa na barabara mbili zinazoukata, kisha ghorofa na mlango. Tukio lenyewe lifuate. Kwa shida isiyo ya dharura, kama kelele za jirani, kuna 311.

Mpokeaji anaingiza maelezo kwenye kompyuta na yanamfikia mgawa kazi, ambaye naye ni raia, anayehudumia kundi la vituo kwenye masafa mamoja ya redio. Yeye huita gari la sekta, kwa kuwa kila kituo kimegawanywa sekta chache zinazoitwa kwa herufi. Askari wakifika wanasema 10-84. Wakimaliza lazima watoe namba ya hatima: 10-90X ni kwamba tukio halikuwa la kweli, 10-90Y kwamba halikuhitaji polisi, 10-90Z kwamba wahusika wameshaondoka. Wakitangaza 10-98 wako tayari kwa kazi nyingine. Ile inayofanya kila gari ligeuke ni 10-13, askari anahitaji msaada, na ikisikika kazi nyingine zote husubiri.

Zamu za jadi ni tatu, kila moja saa 8 na dakika 35: saa 5:15 usiku hadi 1:50 asubuhi, saa 1:05 asubuhi hadi 9:40 alasiri, na saa 9:00 alasiri hadi 5:35 usiku. Zinapishana makusudi ili mtaa usibaki mtupu wakati wa paredi ya kuanza zamu. Pamoja na hayo, kazi ndogo zinazoingia karibu na mabadiliko hurundikana, kwa sababu hakuna askari anayependa kuchukua ripoti ndefu zikiwa zimebaki dakika 20 arudi nyumbani. Miaka ya karibuni baadhi ya vituo vimejaribu zamu ndefu zaidi zenye siku nyingi za mapumziko.

Ripoti ya lalamiko ambayo kaka yako aliandikiwa askari huiita "sitini na moja", kutokana na namba ya fomu ya zamani. Ina namba yenye sehemu tatu: mwaka, kituo, na mfuatano wa ripoti za kituo hicho. Bila namba hiyo utazungushwa. Ripoti ikisainiwa na msimamizi, kwa kosa kubwa kama kuvunja nyumba inapelekwa kwenye kikosi cha upelelezi, ambacho kwa kawaida kimo ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo. Kinaripoti kwa Mkuu wa Upelelezi, makao makuu. Mkuu wa kituo anaweza kusukuma, kuuliza, kulalamika. Hawezi kumpangia mpelelezi kazi. Anayekuwa zamuni kupokea ndiye anayeibeba kesi, na kila hatua anaiandika kwenye fomu ya DD5: nimempigia mlalamikaji, nimeomba picha za kamera, hakuna shahidi. Alama za vidole kwenye mlango uliovunjwa huchukuliwa na timu ya kukusanya ushahidi. Kikosi cha eneo la uhalifu unachokiona kwenye tamthilia ni cha mauaji na matukio mazito.

Faili hufungwa pale mpelelezi anapokosa alama, picha, shahidi na mali yenye namba. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha kesi nyingi za wizi wa vifaa. Kompyuta isiyo na namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye ripoti, hata ikikutwa mikononi mwa mwizi, haiwezi kuthibitishwa ni ya nani. Faili lililofungwa hufunguliwa tena taarifa mpya ikija.

Mtu akikamatwa mambo huenda mbio zaidi, kwa sababu saa inahesabu. Askari anamfikisha mbele ya meza ya kituo, ambako luteni au sajini wa zamu anasikiliza sababu ya kukamata na kuamua kama inatosha. Mali inaandikwa na kufungwa kwenye bahasha yenye namba. Alama za vidole zinachukuliwa kwa mashine na kutumwa Albany, na rekodi ya nyuma inarudi. Kisha askari anazungumza na msaidizi wa mwendesha mashtaka, ambaye ndiye anayeandika hati ya mashtaka au anakataa kushtaki. Wapo waendesha mashtaka wakuu watano, mmoja kwa kila eneo, wote wamechaguliwa kwa kura, hakuna hata mmoja aliye chini ya kamishna wala meya. Mtuhumiwa anahamishiwa mahabusu kuu ya eneo, anaonana na wakili, anapandishwa kwa hakimu. Tangu uamuzi wa mahakama wa 1991, safari hii isizidi saa 24 bila sababu ya kuridhisha, vinginevyo mtu anaweza kuachiwa. Ucheleweshaji hutokana na mambo ya kawaida kabisa: majibu ya vidole hayajarudi, mkalimani hayupo, mtuhumiwa amepelekwa hospitali. Kwa makosa mengi madogo haendi mahabusu kuu kabisa. Hupewa hati ya kufika mahakamani tarehe fulani na kuachiwa kituoni.

Na yale maneno ya "una haki ya kunyamaza"? Yanalazimika kabla ya kumhoji mtu aliye kizuizini. Kuvishwa pingu peke yake hakuyahitaji. Asiyesomewa haponi kesi kwa hilo. Kinachopotea ni majibu yake kama ushahidi. Jimbo la New York limeenda mbali kuliko sehemu nyingi: wakili akishaingia kwenye shauri, mtuhumiwa aliye kizuizini hawezi kuhojiwa bila wakili kuwepo, hata akikubali.

Niende kwenye takwimu, kwa sababu zinagusa faili la kaka yako moja kwa moja. Mwaka 1990 jiji lilikuwa na mauaji 2,245. Mwaka 1994 Kamishna William Bratton na naibu wake Jack Maple walianzisha CompStat: kila wiki makosa makubwa saba (mauaji, ubakaji, unyang'anyi, shambulio la kudhuru, uvunjaji wa nyumba, wizi mkubwa, wizi wa gari) huwekwa kwenye ramani, na wakuu wa vituo huitwa kujieleza mbele ya wenzao. Mwaka 2017 mauaji yalikuwa 292. Wataalamu bado wanabishana CompStat ilichangia kiasi gani, maana uhalifu ulishuka pia kwenye majiji yasiyokuwa nayo. Lisilobishaniwa ni madhara yake: mkuu anayehukumiwa kwa namba hutamani namba ndogo. Wizi wa kitu cha zaidi ya dola 1,000 ni wizi mkubwa na unaingia kwenye hesabu. Ukiandikwa thamani ya chini, au "mali iliyopotea", unatoka. Askari mmoja wa kituo cha 81, Brooklyn, alirekodi kwa siri mikutano ya zamu, na uchunguzi wa ndani uliokuja kujulikana 2012 ulithibitisha kwamba ripoti zilishushwa au hazikuandikwa. Kaka yako asome ripoti yake: imeandikwa uvunjaji wa nyumba, au kitu kingine?

Shinikizo hilo hilo lilizaa kusimamisha na kupekua watu mitaani. Mwaka 2011 watu walisimamishwa mara 685,724, wengi wao vijana weusi na Walatino, na karibu tisa kati ya kumi hawakukamatwa wala kupewa hati yoyote. Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin alitamka kwamba namna ilivyofanywa ilivunja Katiba, akaagiza msimamizi wa kuifuatilia idara na majaribio ya kamera za kifuani. Upekuzi ukaporomoka, na mauaji hayakupanda kwa miaka iliyofuata mara moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito dhidi ya upekuzi huo kuliko ripoti zote.

Malalamiko dhidi ya askari yana njia mbili. Rushwa na uhalifu huenda kwenye ofisi ya mambo ya ndani ya polisi, iliyoimarishwa wakati wa Tume ya Mollen, iliyochunguza rushwa ndani ya polisi 1992 hadi 1994. Nguvu kupita kiasi, matumizi mabaya ya mamlaka na lugha chafu huenda kwenye bodi ya raia, CCRB, ambayo haina askari wa kazini ndani yake. Bodi hiyo haikuja kirahisi: Meya John Lindsay alijaribu kuingiza raia 1966, chama cha askari kikapeleka suala kwenye kura ya wananchi na kushinda, na bodi ya raia watupu ikapatikana 1993. Udhaifu wake ni kwamba inapendekeza tu. Adhabu huamuliwa na kamishna. Muda wa kufungua mashtaka ya nidhamu kwa kawaida ni miezi 18, kwa hiyo lalamiko linalopelekwa mwezi wa 16 baada ya tukio limekwisha kabla halijaanza. Uzembe wa kufuatilia wizi hauko mikononi mwa bodi hii, asipoteze muda huko.

Kaka yako afanye hivi. Aende kituoni na namba ya ripoti, aombe kupandishwa kwenye kikosi cha upelelezi, apate jina la mpelelezi na la sajini wake. Apeleke kwa maandishi namba za utambulisho za kompyuta na saa, ambazo mara nyingi zipo kwenye boksi, risiti au akaunti ya mtengenezaji, na jina la jirani mwenye kamera, haraka, kwa kuwa kamera nyingi hufuta picha baada ya siku chache au wiki chache. Aseme wazi anaomba faili lifunguliwe kwa taarifa mpya. Asipojibiwa, sajini, kisha luteni wa kikosi. Mkuu wa kituo anapatikana kwenye kikao cha kila mwezi cha baraza la wakazi wa eneo la kituo, ambako ni vigumu kwake kukwepa swali mbele ya watu. Kama ana bima, aombe barua ya uthibitisho wa tukio kutoka idarani. Na kama kinachomzuia ni hofu ya vibali, agizo la meya la 2003 linakataza askari kuwauliza waathirika na mashahidi kuhusu hali yao ya uhamiaji.